Sura ya Gari au Uwezo Wake: Mlaji Atangulize Nini?

Mada iliyotolewa mbele ya wamiliki wa magari, wauza vipuri na mafundi wa gereji



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Mtu ana gari lake, naye amejiwekea akiba ya kulifanyia marekebisho. Je, aanze na sura au aanze na uwezo? Wengi huliona hili kuwa suala la ladha, na ladha haina hakimu. Lakini fedha inayotumika si ndogo. Na gari, tofauti na kabati au pazia, hubeba roho za watu. Uamuzi uliofanywa dukani huja kupimwa barabarani, na huko hakuna nafasi ya kurudisha bidhaa.

Nianze kwa kuondoa dhana moja. Sikuja hapa kuulaumu uzuri. Mtu aliyetoa jasho lake akanunua gari ana haki ya kulipenda na kulipamba. Magari mengi tunayoyaendesha nchini yalitumika kwanza Japani, yakaja kwetu yakiwa yanafanana mamia kwa mamia. Si ajabu mwenye gari akataka lake litambulike. Wazee wetu, hata hivyo, walituachia methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wajibu wa mlaji ni kuhakikisha kwamba kilichomo ndani kinalingana na kinachoonekana nje.

Uwezo ni nini?

Neno hili limepotoshwa sana katika biashara ya vipuri. Ukitaja uwezo wa gari, wengi husikia kasi tu. Kasi ni sehemu moja, tena si ya kwanza. Uwezo wa gari ni kusimama pale dereva anapotaka lisimame. Kushika barabara kwenye kona na kwenye mvua. Kumwezesha dereva kuona na kuonekana. Kubeba mzigo wake bila kuchoka. Na mwisho ndiyo kuongeza mwendo.

Tukumbuke pia kanuni ya fizikia isiyobadilika kwa mtu yeyote. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayobebwa na gari huongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya gari lile lile likienda kilomita 50 kwa saa, na breki ndizo zinazopaswa kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto. Kwa hiyo anayenunua nguvu ya injini bila kuzitazama breki amenunua nusu ya bidhaa, tena nusu ya hatari.

Ukitembelea maduka utaona kwamba bidhaa hizi hazigawanyiki katika makundi mawili, bali matatu. Kuna zinazobadili sura tu, na muuzaji mwaminifu husema hivyo. Kuna zinazobadili uwezo kwa kweli. Kisha kuna kundi la tatu, ambalo ndilo linalowapotosha walaji wengi: bidhaa za sura zilizovikwa joho la uwezo. Tuzipitie chache.

Rimu na matairi

Hapa ndipo fedha nyingi hutumika, nami nitakaa kidogo.

Chukua gari dogo ambalo tairi lake la asili limeandikwa 185/65R15 88S. Namba 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ukuta wa tairi, ukiwa asilimia 65 ya upana huo, yaani takriban milimita 120. Herufi R yaonyesha muundo wa nyuzi zilizomo ndani ya tairi, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 88 ni kipimo cha mzigo, maana yake tairi moja laruhusiwa kubeba hadi kilo 560. Herufi S ni mwendo wa juu unaoruhusiwa, kilomita 180 kwa saa.

Mwenye gari anataka rimu za spoti za inchi 17, na duka linampa tairi 205/45R17. Kwa kipenyo cha jumla hakuna tatizo kubwa, kwani magurudumu hayo mawili yanakaribiana sana. Lakini ukuta wa tairi umeshuka kutoka milimita 120 hadi milimita 92 hivi. Ukuta huo ni mto wa hewa unaopokea pigo la shimo kabla halijafika kwenye rimu, kwenye bushi na kwenye mgongo wa abiria. Katika barabara laini, ukuta mfupi huufanya usukani uitike upesi zaidi, na hiyo ni faida ya kweli. Katika barabara yenye mashimo, tairi hupasuka ubavuni na rimu hupinda. Swali la kwanza basi si kama rimu ni nzuri, bali ni kama barabara unayoipita kila siku inaistahili.

Swali la pili ni mzigo. Matairi ya saizi hiyo ya 205/45R17 hupatikana yakiwa na kipimo cha 84, yaani kilo 500 kwa tairi, na pia yakiwa yameimarishwa kwa kipimo cha 88. Anayechukua ya 84 bila kusoma amepunguza kilo 60 kwa kila tairi, ambazo kwa matairi manne ni kilo 240: sawa na watu wazima watatu wenye kilo 80 kila mmoja. Mtu huyo akipakia familia na mizigo kwa safari ya mikoani, anasafiri na akiba ndogo ya usalama kuliko aliyopewa na mtengenezaji, ilhali kwa macho gari lake limependeza zaidi. Huu ndio mfano ulio wazi kabisa wa sura kula uwezo pasipo mwenyewe kujua.

Swali la tatu ni umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na tairi lililotumika laweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekauka. Soma tarakimu hizo kabla ya kulipa, si baada ya kufunga.

Kuhusu rimu yenyewe, hakikisha idadi ya matundu ya nati na duara lake vinalingana na gari lako. Tundu la kati nalo likae barabara kwenye kitovu cha gurudumu. Rimu inayolazimishwa kwa vipande vya kuisogeza nje huongeza mzigo kwenye bearing, na yaweza kuifanya tairi ikwaruze fenda gari likijaa. Tazama pia kama rimu imechongwa uzito inaoweza kubeba. Rimu nyingi za aloi zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni za Japani huwa na alama ya JWL. Alama peke yake yaweza kughushiwa, lakini rimu isiyo na alama yoyote wala jina la mtengenezaji haikupi hata pa kuanzia kuuliza.

Jambo la mwisho: ukifunga gurudumu lenye kipenyo kikubwa kuliko la asili, dashibodi itasema mwendo mdogo kuliko wa kweli. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 5, mshale ukisoma 80 gari linakwenda 84. Dereva ataandikiwa faini huku akiapa kwamba hakuzidisha.

Kushusha gari

Gari lililoshushwa hupendeza machoni mwa vijana, na kazi hiyo ikifanywa kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya gari husika, hupunguza kuyumba kwenye kona. Huo ni uwezo wa kweli. Lakini njia inayotumika mara nyingi kwa sababu ya unafuu ni kukata springi za asili. Springi iliyokatwa huwa ngumu kuliko ilivyokusudiwa, huweza kuchomoka mahali pake gurudumu linapoachwa hewani, na huifanya shokapu ifanye kazi katika urefu usio wake. Gari hilo halikuongezewa uwezo, limenyang'anywa. Ongeza matuta ya barabarani yanayokwaruza tumbo la gari, na matairi yanayolika upande mmoja kwa sababu pembe za magurudumu zimebadilika na alaimenti haikufanywa. Asiyekuwa na fedha ya kushusha gari kwa njia sahihi na aliache lilivyo.

Taa

Taa za asili za magari mengi hutumia balbu ya haloji, na bakuli la taa limechorwa kwa hesabu ili mwanga utoke mahali pamoja maalumu ndani ya balbu. Ukiweka humo balbu ya aina nyingine ambayo mwanga wake hautoki mahali pale pale, mwanga hutawanyika. Dereva huona weupe mbele ya boneti na kudhani anaona mbali zaidi, kumbe amemulika macho ya anayekuja. Na anayekuja akipofuka, atakayegongwa ni nani? Vilevile, balbu ya kawaida ya H4 hutumia wati 60 kwa taa ndefu na 55 kwa taa fupi. Anayefunga ya wati 100 hukaribisha joto linaloharibu waya, soketi na bakuli. Kabla ya kununua mwanga mpya, mwambie fundi asafishe vioo vya taa vilivyofifia na apime urefu wa mwanga. Mara nyingi gari halikukosa balbu. Lilikosa usafi na kipimo.

Spoila, bomba la moshi na chujio la hewa

Nguvu ya hewa dhidi ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo maeneo ya makazi, nguvu hiyo ni robo tu ya ile ya kilomita 100. Spoila kwenye gari dogo la mjini, basi, ni pambo. Si dhambi kununua pambo. Kosa ni kulipia bei ya uwezo.

Bomba kubwa la moshi lenye mngurumo nalo huuzwa kwa ahadi ya nguvu. Kwa injini ndogo isiyo na tabo, kubadili kipande cha mwisho cha bomba huongeza sauti zaidi kuliko nguvu, na majirani pamoja na askari wa usalama barabarani watakuwa wa kwanza kuisikia. Chujio la hewa lililo wazi ndani ya boneti lina tatizo jingine: huvuta hewa ya moto ya injini, na hewa ya moto ni nyepesi, haisaidii mwako kama hewa baridi. Katika barabara za vumbi, chujio lisilochuja vizuri hupitisha mchanga unaosaga silinda. Chujio safi la asili, likibadilishwa kwa wakati, ni bora kuliko la mapambo lililosahauliwa.

Kuongeza nguvu ya injini

Injini zenye tabo huweza kuongezewa nguvu kwa kubadili programu ya kompyuta ya gari, na ongezeko lake huhisika. Kwa injini isiyo na tabo, ongezeko huwa dogo. Kwa vyovyote vile, nguvu hiyo haitoki hewani. Joto huongezeka, klachi au gia boksi hubeba mzigo zaidi, na injini huenda ikahitaji petroli yenye kiwango cha juu cha okteni kuliko unachokipata kituoni kwako. Anayekuuzia programu akuambie hayo yote. Akinyamaza, muulize, akikasirika, ondoka.

Vifaa vya usalama visiguswe

Lipo kundi la marekebisho ambalo sishauri lifanywe kwa sababu ya urembo hata kidogo. Usukani wa spoti unaofungwa badala ya wa asili huondoa mfuko wa hewa wa dereva. Kava za viti zinazobana huweza kuzuia mfuko wa hewa uliomo ubavuni mwa kiti. Ngao ya chuma isiyotengenezwa kwa ajili ya gari lako huweza kubadili jinsi pigo linavyovifikia vihisi vya mifuko ya hewa, tena humuumiza zaidi mtembea kwa miguu. Tinti nzito hupunguza joto la mchana, lakini usiku na wakati wa mvua humnyima dereva kuona pembeni, mahali ambapo mtoto hutokea.

Mpangilio wa matumizi

Sasa nirudi kwenye swali tuliloanza nalo. Jibu langu si sura wala kasi. Jibu ni mpangilio.

Hatua ya kwanza ni kulirudisha gari katika hali aliyoikusudia mtengenezaji: pedi na diski za breki, mafuta ya breki, bushi, shokapu, matairi, taa, mikanda. Gari la miaka mingi lililorudishiwa shokapu nzima na matairi mema litakushangaza. Wengi waliodhani wanahitaji gari jingine walihitaji bushi tu. Hatua ya pili ni kuongeza uwezo unaolingana na kazi ya gari: breki na matairi bora kwa anayesafiri mikoani, springi imara kwa anayebeba mizigo kihalali. Hatua ya tatu ni sura, na hapo kila mtu afuate moyo na mfuko wake: rangi, usafi wa ndani, rimu zinazofaa. Ukifuata ngazi hizi, hutalazimika kuchagua kati ya uzuri na uhai.

Najua kijana mmoja atasema moyoni: breki mpya hakuna anayeziona. Ni kweli. Siku zinapofanya kazi, hakuna linalotokea, na hakuna anayekusifu kwa ajali isiyotokea. Lakini abiria waliofika nyumbani ndio ushahidi wake.

Haki na wajibu wa mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya. Muuzaji anayesema kwamba kifaa kitaongeza nguvu ya gari au kupunguza matumizi ya mafuta ametoa kauli anayopaswa kuweza kuitetea. Bidhaa bandia zimekatazwa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, nayo Tume ya Ushindani hupokea malalamiko kuhusu bidhaa hizo. Kwa masuala ya ubora na viwango, milango ya Shirika la Viwango Tanzania iko wazi.

Haki hizi, hata hivyo, hudaiwa kwa ushahidi. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, si neno "spea" tu. Kwa kazi ya gereji, omba makadirio ya maandishi: kifaa gani, kipya au kilichotumika, bei ya kazi, muda wa dhamana. Dai kurudishiwa vifaa vya zamani. Ni mali yako, na ni uthibitisho kwamba kweli vimebadilishwa. Hifadhi rimu, springi na usukani wa asili, kwa maana mnunuzi wa baadaye atavitaka.

Usisahau nyaraka. Kadi ya gari hutaja rangi, namba ya injini na aina ya bodi. Ukibadilisha lolote kati ya hayo, taarifa ziwafikie Mamlaka ya Mapato Tanzania ili kadi ilingane na gari. Mjulishe pia mtoa bima wako kwa maandishi. Mwenye bima kubwa aliyebadili injini kimya kimya huipa kampuni sababu ya kupinga dai lake siku atakapolihitaji zaidi.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

1. Je, breki, matairi, shokapu na taa za gari langu ni nzima leo?
2. Kifaa hiki kinabadili sura, uwezo, au kinajisingizia uwezo?
3. Kinapunguza nini? Uwezo wa kubeba, kuona, kusimama, au usalama wa abiria?
4. Kinafaa barabara ninazopita kila siku?
5. Naweza kusoma jina la mtengenezaji, saizi, kipimo cha mzigo na tarehe?
6. Fundi amewahi kuifanya kazi hii, na atatoa dhamana ya maandishi?
7. Naweza kulirudisha gari katika hali ya awali nikijuta?

Asiye na jibu la swali lolote kati ya haya asione haya kusema, "Nitarudi kesho." Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, bidhaa njema itakuwepo na kesho.

Kwa ndugu mafundi nina ombi moja. Mteja hukutazama wewe kama mgonjwa anavyomtazama tabibu. Akikuletea fedha ya rimu na ukaona pedi zake zimebaki bati, mwambie kabla hujapokea fedha hiyo. Huenda ukakosa faida ya siku moja, lakini utampata mteja wa miaka mingi, na huenda pia umewaokoa watu usiowajua walioketi viti vya nyuma.